Donatus, Donata au Donatum? Kilatini kilichomo ndani ya majina yetu ya ubatizo

Miaka michache iliyopita nilimsindikiza baba yangu mdogo kwenda parokiani, upande wa Muleba, kutafuta jina la babu kwenye daftari la ubatizo. Haikuwa safari ya kutembea tu. Katika ukoo kulikuwa na maneno juu ya kibanja. Wenzetu wa upande mmoja walidai babu alilelewa tu pale nyumbani, kwamba hakuwa mtoto wa kuzaa wa mzee mwenye kibanja. Babu alikuwa amekwisha kufariki, na watu wa rika lake nao hawakuwepo tena. Kilichobaki ni daftari.

Tukaletewa daftari la zamani, karatasi zake zimegeuka rangi kama chai ya rangi. Tulitafuta jina Donatus, maana babu alijulikana kijiji kizima kama Ta Donatus. Hatukuliona. Tuliona Donatum. Ndugu aliyefuatana nasi kutoka upande wa pili akaweka kidole pale, akasema, "Hapa pameandikwa Donatum. Mzee wenu alikuwa Donatus. Huyu ni mtu mwingine."

Tukarudi nyumbani hatuna la kusema. Zilipita wiki kadhaa ndipo tukakutana na katekista mmoja mzee ambaye ujana wake alisoma Kilatini kidogo. Baba mdogo alipomweleza, mzee akacheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu," akasema, "Donatum ndiye Donatus. Padri hapo aliandika 'nimembatiza Donatus'. Kwa Kilatini ukisema umembatiza mtu, jina lake linabadilika mkia."

Herufi moja tu, *s* kuwa *m*, ilitaka kumtoa babu yetu kwenye ukoo wake.

Nimeikumbuka habari hiyo mwezi huu kwa sababu ya ujumbe wa mama mmoja msikilizaji wetu. Binti yake alibatizwa Renata, lakini kwenye karatasi za ofisi fulani ameandikwa Renatus, na aliyemhudumia alimwambia, "Mama, ni jina lilelile." Je, ni jina lilelile kweli? Ndugu msikilizaji, twende polepole. Huhitaji kuwa umesoma seminari. Ukikumbuka kidogo Kiswahili cha darasa la tano, kinatosha.

Kilatini kilifikaje huku kwetu?

Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadri Weupe, walifungua misheni ya Kashozi mwaka 1892. Wakati ule Kilatini kilikuwa lugha ya Misa na ya maandishi rasmi ya Kanisa Katoliki dunia nzima. Padri angeweza kuwa Mfaransa, Mholanzi au Mjerumani, lakini daftari la ubatizo aliliandika kwa Kilatini, na jina la mtakatifu alilompa mtoto alilijua kwa Kilatini.

Baadaye vijana wa hapa walianza kukisoma wenyewe katika Seminari ya Rubya, huku Muleba. Mmoja wa waliopita Rubya ni Laurean Rugambwa, aliyezaliwa mwaka 1912. Aliendelea na masomo Katigondo, Uganda, akapewa upadri mwaka 1943, na mwaka 1960 Papa Yohane XXIII akamfanya kardinali, Mwafrika wa kwanza kupewa cheo hicho katika nyakati hizi.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kati ya mwaka 1962 na 1965, ulifungua mlango wa Misa kusomwa kwa lugha za watu. Kilatini kikaanza kupotea masikioni mwetu. Waliokuwa wakikiimba wengi wamelala. Lakini majina yalibaki. Pita soko la Kamachumu, pita Bakoba, panda daladala ya kwenda Muleba, utasikia watu wanaitana: Renatus, Donata, Fortunatus, Honorata, Vinsenti, Gaudensia. Wote hao wanatembea na Kilatini mfukoni, na wengi hawajui kimeandikwa nini.

Neno lenye wazazi wawili

Mengi ya majina hayo ni ya aina moja ya neno ambalo wasomi wa Kilatini huliita *participium*. Sisi hapa tuliite partisipio. Maana ya neno lenyewe ni "lenye kushiriki". Linashiriki nini? Linashiriki tabia za pande mbili. Limezaliwa na kitenzi, kwa hiyo linabeba tendo na wakati. Lakini linatembea kama kivumishi, kwa hiyo linaambatana na mtu au kitu na kukifuata kinavyobadilika.

Kiswahili nacho kina njia yake ya kusema jambo hilo. Tunasema "mtoto aliyezaliwa". Neno "aliyezaliwa" lina tendo ndani yake, kuzaliwa, na lina wakati, limekwisha kutokea. Lakini kazi yake ni kumweleza mtoto, kama vile tungesema mtoto mzuri. Tena linamfuata anayeelezwa: mtoto aliyezaliwa, watoto waliozaliwa, kitoto kilichozaliwa, ndama wa ng'ombe aliyezaliwa.

Angalia mabadiliko yako wapi. Sisi tunabadilisha kichwa cha neno: *ali-, wali-, kili-*. Kilatini kinabadilisha mkia. Hilo ndilo jambo la kushika katika makala hii yote. Kwa Kiswahili sikiliza mwanzo wa neno, kwa Kilatini sikiliza mwisho.

Kundi la kwanza: tendo limekwisha, mtu ametendewa

Kundi hili ndilo kubwa zaidi katika majina yetu. Mkia wake ni *-tus* kwa mwanaume na *-ta* kwa mwanamke. Pengine herufi ya kabla ya *-us* huwa nyingine, lakini *-us* na *-a* hubaki. Kwa Kiswahili tunalitafsiri kwa "aliye…wa".

Donatus ni mwanaume aliyetolewa kama zawadi, na Donata ni mwanamke aliyetolewa kama zawadi. Renatus ni mwanaume aliyezaliwa upya, Renata ni mwanamke aliyezaliwa upya. Novatus ni aliyefanywa mpya. Honoratus na Honorata ni aliyeheshimiwa. Fortunatus na Fortunata ni aliyejaliwa bahati. Beatus na Beata ni aliyefanywa mwenye heri. Restituta ni aliyerudishwa mahali pake. Redempta ni aliyekombolewa. Asumpta ni aliyechukuliwa, na hapo Wakatoliki wanamkumbuka Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Imakulata ni asiyetiwa doa.

Deodatus ni maneno mawili yaliyoshikana: *Deo*, yaani Mungu akiwa na mkia wake uliobadilika, na *datus*, aliyetolewa. Basi ni aliyetolewa na Mungu. Usimchanganye na Deusdedit, jina jingine lililojaa huku kwetu. Deusdedit si partisipio. Ni sentensi kamili: *Deus dedit*, Mungu ametoa. Maana zinakaribiana kama mtu na jirani yake, lakini moja ni sifa ya mtoto na jingine ni habari juu ya Mungu.

Benedikto nalo limo katika kundi hili. *Bene* ni vizuri, *dictus* ni aliyesemwa. Benedikto ni aliyesemwa vizuri, na kutoka hapo ikaja maana ya aliyebarikiwa. Waliowahi kusali Salamu Maria kwa Kilatini watakumbuka kwamba neno hilo linatajwa humo mara mbili, kwanza *benedicta*, halafu *benedictus*. La kwanza linamhusu Maria, ambaye ni mwanamke, ndiyo maana lina mkia wa *-a*. La pili linahusu tunda la tumbo lake, na neno "tunda" kwa Kilatini limo katika jinsia ya kiume, ndiyo maana lina *-us*. Padri hakukosea kusoma. Ni mkia unamfuata mwenye neno.

Kwa hiyo mama yetu wa ujumbe apokee jibu lake. Renatus na Renata ni neno moja, lakini si jina moja. Ni kama "mjomba" na "shangazi" kwa upande wa jinsia: ukimwita binti yako Renatus kwa Kilatini, umesema "mwanaume aliyezaliwa upya".

Kundi la pili: tendo linaendelea, mtu mwenyewe anatenda

Hapa tafsiri yake ni "anaye…". Kwa Kilatini neno hili huishia na *-ns*. Vincens ni anayeshinda. Florens ni anayechanua. Gaudens ni anayefurahi. Fulgens ni anayeng'aa. Crescens ni anayekua. Venans ni anayewinda. Innocens ni asiyedhuru.

Sasa mtu atauliza, mbona sisi tunasema Vinsenti na Inosenti? Hiyo *t* imetoka wapi?

Imekuwepo tangu mwanzo, ila ilijificha. Neno likisimama peke yake kama mtenda, ni *vincens*. Likianza kubadilika mkia, *t* inatokeza: *vincentis* ni "ya anayeshinda", *vincentem* ni "anayeshinda" anapotendewa jambo. Ni kama jino la mtoto: lilikuwa ndani ya ufizi siku zote.

Jambo la pili la kuangalia ni kwamba *vincens* hutumika kwa mwanaume na kwa mwanamke bila kubadilika. Halina *-us* wala *-a*. Basi waliotaka jina kamili la mtu waliongeza mkia mwingine juu yake: *Vincentius* kwa mwanaume, *Vincentia* kwa mwanamke. Ndiyo sababu tuna Florensi na Florensia, Fulgensi na Fulgensia. Akina mama wanaoitwa Gaudensia, Kresensia na Prudensia wametokea mlango huohuo. Na Venansi, mwanaume wa kwetu, jina lake lina mwindaji ndani yake, hata kama hajawahi kushika mkuki.

Kundi la tatu: jambo linalopaswa kutendwa

Mkia wa kundi hili ni *-ndus* kwa mwanaume na *-nda* kwa mwanamke. Amandus ni mwanaume anayestahili kupendwa. Amanda ni mwanamke anayestahili kupendwa. Haijasemwa kwamba amekwisha kupendwa, wala kwamba yeye anapenda. Imesemwa kwamba ndivyo inavyopasa.

Kundi hili tunalitumia kila siku bila kujua. Mwenyekiti wa kijiji akisema "ajenda ya kwanza", ametamka partisipio ya Kilatini: *agenda*, mambo yanayopaswa kutendwa. Neno "propaganda" nalo limezaliwa humo. Mwaka 1622 Papa Gregori XV alianzisha idara ya kusimamia kazi ya misheni, na jina lake la Kilatini lilihusu imani *inayopaswa kuenezwa*. Idara hiyo ndiyo iliyosimamia nchi za misheni, na Bukoba ilikuwa mojawapo. Baadaye watu wa siasa walilichukua neno hilo, likapata sura tunayoijua leo.

Na "data", zile unazonunua kwenye simu ili usome makala hii? *Data* ni vitu vilivyotolewa. Ni ndugu wa damu wa Deodatus.

Lipo pia kundi la nne, la mtu atakayetenda, lenye mkia wa *-turus*. Katika Nasadiki ya Kilatini limo neno *venturus*, atakayekuja. Sijakutana na mtoto wa huku aliyebatizwa kwa jina la kundi hili, kwa hiyo nalitaja tu tusiliache nje mlangoni.

Mkia unavyobadilika: habari ya Donatum

Turudi kwenye daftari la babu. Tumeona mkia unaonyesha mwanaume au mwanamke. Lakini mkia una kazi ya pili: unaonyesha mtu huyo anafanya nini ndani ya sentensi. Kiswahili kinaonyesha jambo hilo kwa mpangilio wa maneno na kwa viungo kama "wa", "ya" na "kwa". Kilatini kinaliweka kwenye mkia.

Tumchukue Donatus:

*Donatus*: yeye ndiye anayetenda. Donatus amefika.
*Donati*: kitu ni chake. Kibanja cha Donatus.
*Donato*: anapewa kitu. Nimempa Donatus jembe. Mkia huuhuu hutumika pia ukisema jambo limetoka kwa Donatus au limefanywa pamoja naye.
*Donatum*: anatendewa. Nimembatiza Donatus.
*Donate*: anaitwa. Ewe Donatus!

Na Donata:

*Donata*: anatenda, na hubaki hivyo hivyo akiitwa.
*Donatae*: kitu ni chake, au anapewa kitu.
*Donatam*: anatendewa. Nimembatiza Donata.

Padri wa zamani alipokaa na kalamu yake, maneno ya kawaida ya kuandika ubatizo yalikuwa ya namna hii: mimi niliyeandika hapa chini nimembatiza fulani, mwana wa fulani. Kitenzi chake ni *baptizavi*, nimebatiza. Baada ya kitenzi hicho aliyebatizwa ni mtendewa, basi jina lake lazima liishie na *-um* kama ni mwanaume, au *-am* kama ni mwanamke. Na pale mtu anapotajwa kama mzazi, "mwana wa Donatus", ataandikwa *Donati*.

Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuonekana katika madaftari ya parokia moja kwa sura tatu. Siku ya ubatizo wake ni Donatum. Siku ya ubatizo wa mtoto wake ni Donati. Mahali pengine ni Donatus. Asiyejua atasema ni watu watatu. Anayejua atasema: hebu tuangalie kwanza.

Nasema "tuangalie kwanza" kwa makusudi. Mkia hauthibitishi kwamba Donatum wa daftari ndiye babu yako. Katika parokia moja wangeweza kubatizwa akina Donatus kumi. Mkia unakwambia tu kwamba tofauti ya *-us* na *-um* si sababu ya kumkataa. Baada ya hapo ndipo utalinganisha tarehe, jina la kijiji, jina la baba na la mama, na jina la msimamizi wa ubatizo. Sisi tulirudi parokiani na yule katekista mzee. Safari hii tulisoma mstari mzima. Jina la Kihaya la baba yake lilikuwepo, kijiji kilikuwepo, na msimamizi alikuwa mzee ambaye pande zote mbili zilimfahamu. Ndugu yetu wa upande wa pili alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi, huyu ndiye." Maneno ya kibanja yaliisha kwenye baraza la ukoo, bila kufika mahakamani.

Hata jalada la daftari ni partisipio

Kama utapata nafasi ya kuona madaftari hayo ya zamani, usianze ndani. Soma jalada. La ubatizo huitwa *Liber Baptizatorum*. *Liber* ni kitabu. *Baptizatus* ni aliyebatizwa. Wakiwa wengi, na kitabu kikiwa chao, mkia unakuwa *-orum*: kitabu cha waliobatizwa. La kipaimara ni *Liber Confirmatorum*, kitabu cha walioimarishwa. La vifo ni *Liber Defunctorum*. *Defunctus* ni mtu aliyemaliza, aliyetimiza kazi yake ya kuishi.

Na neno "misa" lenyewe? Limetokana na *missa*, partisipio ya kitenzi cha kutuma au kuruhusu watu waende. Lilitamkwa mwishoni, watu wanapoagwa. Likatoka pale mwishoni likawa jina la ibada nzima.

Na sisi tunayo yetu

Wasomaji wa Kiislamu wasidhani wameachwa. Kiarabu kina jambo hilihili, ila chenyewe hubadilisha umbo la neno ndani na mwanzoni. Nasiri ni anayenusuru, Mansuri ni aliyenusuriwa: mzizi mmoja, pande mbili za tendo. Mubaraka ni aliyebarikiwa, basi ni wajina wa Benedikto kwa maana. Mahmudi ni aliyesifiwa. Hata neno "marehemu" ambalo sote tunalitumia kwenye matangazo ya vifo ni la namna hiyo: aliyerehemewa. Linganisha na *defunctus* la daftari la parokia. Kilatini kinamtazama aliyekufa kama mtu aliyemaliza kazi. Kiarabu kinamtazama kama mtu aliyepewa rehema.

Ruhaya nalo halijalala. Mutalemwa ni asiyeshindwa. Isikilize *-wa* ya mwisho, ni ileile ya kutendwa tunayoijua katika Kiswahili. Mujuni ni anayesaidia, anayeokoa, kutoka *okujuna*. Na Rugambwa? Ndani yake kuna *okugamba*, kusema, pamoja na alama hiyohiyo ya kutendwa: anayesemwa, anayetajwa. Sasa kumbuka Benedikto, aliyesemwa vizuri. Lugha mbili ambazo hazikuwahi kukaa kijiji kimoja zilichukua kitenzi cha kusema, zikakigeuza upande wa kutendwa, zikampa mtoto.

Kwa hiyo Vinsenti Mutalemwa, kama yupo anayeitwa hivyo, amebeba jambo moja mara mbili. Kwa Kilatini anashinda, kwa Ruhaya hashindwi.

Ufanye nini na maarifa haya?

Kwanza, ukienda kuandikisha mtoto, peleka jina limeandikwa kwenye karatasi kwa herufi kubwa, mkia ukionekana wazi. Usiliseme kwa mdomo tu. Mwisho wa jina ndio unaomezwa tunapoongea haraka, na ndio wenye kazi. Soma karatasi kabla ya kuondoka dirishani, siyo ukifika nyumbani.

Pili, chagua tahajia moja ukae nayo. Jina *Crescentia* limeandikwa huku kwetu Kresensia, Kreshensia na hata Crecensia. Hakuna dhambi katika mojawapo, maana kila mwandishi alifuata sikio lake. Taabu inakuja pale cheti cha kuzaliwa kikisema hivi, cheti cha shule vile, na kitambulisho cha taifa namna ya tatu. Leo hata laini ya simu inasajiliwa kwa kitambulisho na alama za vidole. Ofisi haitakuuliza maana ya jina, itakuuliza kwa nini herufi hazilingani. Ukiona zimetofautiana, anza kurekebisha mapema, kabla ya siku unayohitaji mkopo, ajira au mafao.

Tatu, kama unatafuta kumbukumbu ya mzazi au babu parokiani ili kusaidia kupata cheti cha kuzaliwa au kumaliza jambo la ukoo, usitafute jina moja. Tafuta na mikia yake: *-us, -um, -i, -o* kwa mwanaume, *-a, -am, -ae* kwa mwanamke. Kwa majina kama Vinsenti, tafuta *Vincentius, Vincentium, Vincentii*. Mwombe paroko au katekista msome mstari wote pamoja. Daftari liheshimiwe, mikono iwe mikavu, na pasiwepo wa kuchorachora humo.

Nne, muulize mzee aliyeko nyumbani. Huenda bibi yako anakumbuka nyimbo za Kilatini alizoimba akiwa msichana, bila kujua maana ya maneno yake. Mtajie haya, halafu sikiliza atakachokurudishia. Yule katekista aliyetusaidia hayupo tena. Tungechelewa mwaka mmoja tu, Donatum angebaki mtu mwingine.

Tutalirudia suala hili kwenye kipindi. Tutumie ujumbe wenye jina lako la ubatizo na la Kihaya, tutayasoma na kuyafungua moja baada ya jingine. Na yule mama wa Renata, mkia wa binti yako ni *-a*. Rudi dirishani na cheti cha ubatizo mkononi, umwambie karani kwa upole: mwanangu ni aliyezaliwa upya, tena ni msichana.